Managu Aliyoyaacha Mama

Mama alikuja kutoka Nyeri kunitembelea hapa ng'ambo, Riverdale Park, mwezi wa Aprili, baridi ikiwa bado haijaisha. Nilipokuwa kazini nikihudumia wazee, yeye alivaa koti langu zito, akalima nyuma ya nyumba na kupanda managu, mboga ya majani tuliyokula tangu nikiwa mdogo. Alirudi nyumbani mwishoni mwa Mei, miche ikiwa mifupi kama kidole.

Kufikia Julai managu yalikuwa yamenifika kiunoni. Jumamosi moja asubuhi nilimpigia simu ya video nikamwonyesha.

"Umeshachuma?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Unangoja nini? Yatakomaa yawe machungu."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikutaka kuyagusa kwa sababu ni yeye aliyeyapanda. Akasema kwa upole, "Weka simu hapo kwenye uzio, tuchume pamoja."

Akanielekeza tawi kwa tawi mpaka sufuria ikajaa. Mchana niliyapika kwa maziwa, kama apikavyo yeye. Yalikuwa matamu, lakini nilitamani sana awe ameketi pale mezani, aniambie nimezidisha chumvi.