Oili Nyekundu ya Baba

Mawese yakianza kupata moto sufuriani, kabla hayajatoa moshi, hutoa harufu nzito, tamutamu, inayong'ang'ania nguo. Mimi harufu hiyo siiwezi. Nikiwa ugenini nikaisikia inatoka jikoni, hutafuta kisingizio cha kwenda uani. Mume wangu huwaambia watu kwamba nina tumbo la kizungu. Namwacha aseme, maana ukweli wenyewe sijawahi kumsimulia mtu, na nyinyi ndio mnaoupata wa kwanza.

Nilikuwa na miaka tisa, Sumbawanga, miaka ile ya ujamaa ambapo kipande cha sabuni kilikupangisha foleni asubuhi nzima. Baba alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, na alikuwa na gari. Msidhani tulikuwa matajiri. Mhandisi mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake alimwachia baba gari lake kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka: lilikuwa otomatiki, halina klachi. Watu walikuja mpaka kutoka Pito kuinama na kuhesabu pedali.

"Sasa Saidi, mguu wa kushoto unafanya kazi gani?"

"Unapumzika," baba anajibu. Mji mzima ukaliita gari letu Mguu Mmoja.

Fundi wa kulijua hakuwepo, kwa hiyo baba alijifunza mwenyewe, na akanifundisha mimi. Nilikuwa kifungua mimba wake, tena nilibeba jina la mama yake mzazi, Zuhura, ndiyo maana aliniita mamangu. Kila Ijumaa baada ya swala aliliwasha gari, akaliacha lingurume mpaka lipate moto, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Anakifuta kwa kitambaa cheupe, anakirudisha, anakichomoa tena, tunakitazama wote wawili.

"Ukipima injini imezimwa kijiti kitakudanganya, mamangu. Na oili usiitazame tu. Inuse." Ikiwa nyekundu na haina harufu mbaya, gari ni zima. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gari linaumwa.

Kipupwe kile gari lilikuwa linaumwa kweli. Likipewa kilima, linanguruma tu, haliendi. Baba akahangaika mpaka dereva mmoja wa lori akamletea galoni ya oili mpya kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, naye akaifungia stoo kama dhahabu. Haikupita wiki, mchana mmoja, akaja mtu kutoka Kaoze, kule chini bondeni. Bibi yangu hali yake mbaya, anamwita mwanawe. Baba hakuuliza mara mbili. Alisema jioni ile ile atabadilisha oili, na alfajiri tutateremka wote. Kwa oili ile nyeusi asingethubutu kushuka milima ya Lyamba lya Mfipa na kuipanda tena.

"Mamangu, kalete galoni. Mikono miwili!" alisema akiwa chini ya gari, sauti imejaa mafua, oili chakavu ikichuruzika kwenye beseni.

Mikono miwili nilikuwa nayo, lakini nilikuwa na macho pia. Nilitaka kuiona ile oili kabla haijamwagwa, nyekundu kama sharubati. Nikafungua kifuniko, nikainamisha galoni kidogo, ikaniponyoka. Hadi naiinua, sakafu ya udongo ilikuwa imeshakunywa nusu.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Baba hakuwa mtu wa kupiga watoto. Ila nilikuwa nimemwona alivyomsikiliza yule mtu wa Kaoze, uso umemshuka, na sikuweza kwenda kumwambia mtu wa uso ule kwamba njia ya kwa mama yake nimeimwaga mimi. Pembeni palikuwa na debe la mawese ya mama, ya kutoka ziwani, yameganda kwa baridi. Mama alikuwa kwa jirani. Nikachota kwa kata, nikayayeyusha jikoni, nikayamimina kwenye galoni. Rangi ilikubali. Akili yangu ya miaka tisa haikuwa na la zaidi.

Baba akafunga nati ya chini, akamimina oili, akawasha. Akapima kwa ule mwanga uliobaki. Akakisogeza kijiti puani, akavuta pumzi, akapiga chafya.

"Mafua haya, aah! Ila rangi safi," akasema, akanishika kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Tukapanda na mizigo yetu, injini ikawaka vizuri, baba akaweka gia. Gari halikusogea. Akalisubiri lipate moto, akaweka tena. Likaruka hatua moja, likagoma. Akashuka, akachomoa kijiti, na mimi dirishani nikaona kimetoka na mabonge ya manjano. Alikitazama. Akakisogeza puani, akakaa nacho hapo. Kisha akakifuta, akakikunja kitambaa na kukitia mfukoni.

"Shukeni. Nimekosea oili," alisema, bila kunitazama.

Mama akaingia ndani kumfungia baba chakula, maana sasa ilibidi akatafute lori. Akatoka na kata mkononi. "Nani kachota mawese yangu? Debe limeshuka hivi!"

Baba alikuwa mlangoni, mfuko begani. "Mimi. Nililainishia bawaba za mlango."

"Mawese? Mlangoni?" Mama akaguna, akaacha. Nami nikashukuru Mungu kwamba kati ya siku zote, baba alichagua kulainisha mlango jana ile.

Lori lilimfikisha Kaoze siku ya pili. Bibi alikuwa amezikwa jana yake alasiri. Siku ya arobaini tulikwenda wote, na shangazi, dada mkubwa wa baba, akamwambia mbele ya watu: "Mama amekufa anasikiliza gari, Saidi. Kila chombo kikinguruma, anasema huyo mwanangu. Kumbe wewe uko mjini unachezea oili!"

"Nilikosea, dada," baba akajibu, basi. Shangazi hakukanyaga kwetu miaka mingi.

Nilikua nikiamini kwamba nilimficha baba. Nilimzika nikiamini hivyo, na iliniuma kwamba amekwenda bila kujua. Sasa nami nina gari langu, otomatiki. Juzi nilikuwa napima oili uani, injini inanguruma, nikafuta kijiti, nikakisogeza puani kama alivyonifundisha, na mkono ukanifia hapo hapo. Mtu aliyekula mawese tangu utoto, anayanusa puani asubuhi ile, asiyajue?

Ndipo nikaukumbuka mlango wetu. Ulilia baba alipotoka na mfuko wake kwenda kutafuta lori. Ulilia aliporudi kutoka kaburini kwa mama yake. Uliendelea kulia, kila ukiguswa, mpaka tulipohama ile nyumba.