Samaki Waliojileta Wenyewe

Jamani, leo mto umetugawia samaki bure!

Asubuhi nimewakuta wanaelea, matumbo juu. Mama mkwe akafurahi: "Kuna mtu katia utupa huko juu. Okota!"

Utupa tunaujua, ni mmea wa kulewesha samaki. Ukimla samaki wake hudhuriki.

Tukajaza vikapu viwili.

Mara mikono ikaanza kuniwasha. Nikayanusa yale maji. Mkonge uliooza!

"Mama, huu si utupa. Haya ni maji machafu ya korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge huko juu!"

Lakini kikapu kizima alishakigawa kwa majirani waliopita.

Nimekimbia nyumba kwa nyumba. Ya mwisho wakanijibu kwa furaha, "Karibu, tumebakiza mchuzi."

Nyie mnaokaa mtoni huko chini, leo mmeteka maji wapi?