Nilivyomkimbia mjukuu wangu kwa sababu ya sindano ya technetium

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi.

Haya yamenipata mwenyewe. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuwadanganya kisha Jumapili nikakae kiti cha mbele.

Ni Mkongo, nakaa Nsambya, hapa Kampala. Kiuno kilinisumbua, daktari akaagiza scan ya mifupa.

Saa tatu asubuhi nikadungwa technetium, dawa yenye mionzi. Dada wa kipimo akanieleza vizuri: kiini cha atomi yake kina nishati ya ziada. Viini vingi vikiwa hivyo huitoa papo hapo. Hiki hukaa nayo, halafu saa yake ikifika kinatoa mwali, kinatulia. Mashine huuona mwali huo. Kila saa sita, nusu ya vilivyobaki hutulia.

Subira ya namna hiyo sijaiona hata kwenye kwaya yetu.

Kisha akasema, "Mzee, mpaka kesho asubuhi usipakate mtoto mchanga."

Wakuu, jasho lilinitoka. Saa kumi jioni tulikuwa tunampa jina mjukuu wangu wa kwanza! Kwetu babu humbeba mtoto na kutamka jina mbele ya watu. Asipombeba, amemkataa.

Na hospitali nilikwenda kimya kimya, nisiwatie hofu.

Saa kumi ikafika. Mama mzazi wa mkwe wangu, muuza mitumba pale soko la Owino, akaniletea mtoto. Nikarudi nyuma. Akasogea. Nikazunguka meza, naye akazunguka. Mzunguko wa tatu wageni wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni ngoma ya kwetu.

"Mzee, unamkimbia mtoto au unanikimbia mimi?"

"Wote wawili, mama! Kaeni hapo hapo!"

Mkwe wangu akaanza kulia. "Baba, kama humtaki mtoto wangu, sema."

Nikaungama yote, sindano na kiini chake.

Mama wa Owino akapiga hesabu. "Saa tisa, nusu imeondoka. Saa tatu usiku, nusu ya pili, imekwisha. Basi tule, tungoje, utambeba."

Nikachukua chapati, nikala nusu. Nikala nusu ya iliyobaki. Nikamwonyesha robo. "Unaona? Bado ipo."

"Ipo kwa sababu unakula polepole!"

Lakini alielewa. Akawageukia wageni: "Jina halitamkwi leo, babu bado anawaka. Tunalala hapa."

Wakalala kweli, sebule nzima mikeka.

Asubuhi, saa tatu ilipopita, aliniwekea mtoto mikononi. Nikatamka kwa sauti: Neema. Mkwe wangu akacheka huku anafuta machozi. Nami namshukuru Mungu, nilikuwa nalia waziwazi.

Neema akanikojolea kifua kizima.

"Haya," akasema mama wa Owino, "sasa ni wewe usiyeguswa mpaka kesho."

Funzo, wakuu: ukienda kudungwa, waambie wa nyumbani kwanza. Siri yangu iliwaumiza kuliko mionzi.

Aliyewahi kukimbizwa na wakwe zake aandike hapa chini. Ninasoma pole pole, kwa miwani.