Mechi Moja ya Nyumbani

Mume wangu tulimzika Buffalo, huku Marekani, mwaka 2015, majira ya baridi yakielekea ukingoni, ardhi ikiwa bado imeganda. Alikuwa ameugua figo muda mrefu. Watu wa kanisa walijaa katika nyumba yetu ya mbao kule West Side, wakaimba, wakapika, wakalala sebuleni. Mimi nilipita katikati yao na birika la chai. Sikulia. Nilidhani machozi yatakuja wageni wakiondoka. Waliondoka, hayakuja.

Shule zilipofungwa, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja na gari kubwa akatuhamishia Reynoldsburg, karibu na Columbus, ambako alikuwa akifunga maboksi katika ghala moja. Aliniombea kazi palepale. Tulikuwa watu wawili tu, mimi na mwanangu wa kiume, aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari.

Kule Buffalo mwanangu alicheza mpira wetu wa kawaida. Huku, kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana, alimwona akipiga mashuti peke yake uwanjani, akamwita. Kazi yake ikawa moja: kuingia, kupiga mpira upite juu katikati ya nguzo mbili, na kutoka. Nilitia sahihi karatasi ya ruhusa bila kuuliza kitu. Wakati ule nilitia sahihi chochote.

Timu ilishinda sana msimu ule. Mwezi wa kumi na moja shemeji aliingia kwangu anacheka, hata viatu hajavua, akisema Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa.

"Shemeji, tunachezea nyumbani!"

"Nani anacheza?"

"Mtoto! Bon, sikia. Ku mtoano, ekipe yenye ilishinda mingi njo inachezea kwao. Wageni batakuja na basi, miguu imekauka. Na kelele! Batashindwa kusikilizana. Mcheza kwao hutunzwa, shemeji."

"Uwanja si uwanja tu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. Mwanangu, aliyekuwa anakula, alijibu kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nielewe: "Mama, upepo wa pale naujua. Unatoka upande wa maegesho. Kwingine lazima nikisie."

Ijumaa jioni nilikwenda, kwa sababu shemeji alikuja kunichukua. Nilikaa kwenye benchi la chuma na blanketi magotini. Mchezo wenyewe sikuuelewa, ila watu niliwaelewa upesi. Wetu wakishika mpira, uwanja mzima ulinyamaza, kama nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala. Wageni wakishika, watu walipiga miguu kwenye vyuma hadi meno yangu yakatetemeka. Kijana wa wageni aliyekuwa akitoa maagizo alipiga kelele, mkono mdomoni, na wenzake hawakumsikia. Mara mbili waliondoka kabla mpira haujaanzishwa, refa akawarudisha nyuma. Shemeji alinigonga bega: "Umeona? Umeona?"

Niliona.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Mwanangu akaingia. Kimya kikawa kikubwa hadi nikasikia mtu akikohoa upande wa pili. Alitazama nguzo, akatazama upande wa maegesho, akapiga. Mpira ukapita katikati: pointi tatu, tukashinda.

Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akilia. Nilisimama mikononi mwake kama gogo. Aliponiachia niliangalia mikono yangu; ilikuwa inapiga makofi, na mimi sikukumbuka kuiambia.

Garini mwanangu aliuliza, "Mama, umefurahi?"

"Nimefurahi sana."

Alifunga mkanda. "Kwa sauti hiyohiyo uliwaambia watu asante kwenye matanga ya baba."

Shemeji akawasha redio.

Mechi iliyofuata haikuwa nyumbani. Kuanzia raundi ya pili walicheza kwenye uwanja huru, katika mji usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Kelele za pande zote zilikuwa sawa, hakuna aliyemnyamazia mwenzake. Mwanangu alipoingia kupiga, watu wa upande wa pili walizomea, na upepo ulitoka nisikokujua. Mpira ulipita nje ya nguzo ya kushoto. Tukatoka mashindanoni.

"Nyumbani ile ballon ingeingia," shemeji alisema.

"Hapana, baba mdogo," mwanangu alimjibu. "Nilipiga vibaya."

Kisha akakaa chini kwenye majani, mbele ya watu wote, akalia kwa sauti. Nilishuka ngazi nikakaa kando yake. Aliulilia mpira, halafu katikati akaanza kumlilia baba yake, kwamba baba hakuwahi kuja kumtazama akicheza hata mara moja. Nilimshika kichwa kikalala begani mwangu, jasho lake likilowesha kitambaa changu. Nilimwonea wivu. Nakumbuka vizuri kwamba ni wivu, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi mwaka ule.

Alipomaliza shule tulihamia Louisville kwa dada yangu, mtaa wa Iroquois. Mwanangu alipata kazi ya kiwandani, nami nikaanza kutunza wazee. Jumamosi alicheza mpira wetu wa miguu na vijana wa Burundi katika bustani kubwa ya mtaani, nami nikaanza kwenda na kiti changu. Siku moja mama wa Kitanzania aliyekaa jirani aliniuliza yupi ni wangu. Nilimwonyesha. Akauliza alijifunzia wapi kupiga hivyo, nikaanza kumweleza, na maneno hayakuisha. Niliporudi nyumbani maharage niliyoyaacha jikoni yalikuwa yameungua, na dada yangu amesimama mlangoni akiuliza nilikuwa wapi.

"Nilikuwa napiga soga," nikamwambia.