Zlatina na makufuli aliyoyaondoa mwenyewe

Saa tatu asubuhi, Zlatina Kehayova anabonyeza kitufe kwa mara ya arobaini na moja na kukikodolea macho kioo cha kompyuta. Jibu linatakiwa kuwa milioni mbili kamili. Linakuja pungufu kwa tatu.

"Haya, hao tena," anasema, akisukuma kando banitsa yake iliyopoa, mkate wa jibini wa asubuhi. "Watu watatu wamepotea."

Si watu bado, ni hesabu za majaribio tu. Lakini mhandisi huyu wa kompyuta wa Plovdiv, Bulgaria, mwenye umri wa miaka 43, ameshindwa kuziona kama namba tupu tangu Jumanne iliyopita. Siku hiyo kituo cha simu za dharura cha mji mmoja wa milimani kilipoteza simu moja. Bibi aliyevunjika nyonga alisubiri gari la wagonjwa dakika hamsini. Anaendelea vizuri, asiyepata usingizi ni Zlatina.

Kazi yake ni kutunza kiini cha mfumo, ile programu inayozigawia nyingine zote zamu ya kufanya kazi. Kituo kile kinatumia kompyuta pepe, iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta kubwa, na huongezewa prosesa, yaani ubongo wa kufanyia hesabu, bila hata kuzimwa.

"Chukulia wauguzi wawili wenye daftari moja la kuhesabia wagonjwa, kila mmoja kapokea wake," anaeleza. "Wote wanasoma kumi, wote wanaandika kumi na moja. Mgonjwa mmoja kaenda na maji. Ndiyo maana tunaweka kufuli: mmoja akiandika, mwenzake angoje."

Kungoja huko hula asilimia kumi na nne ya kasi. Miaka tisa iliyopita Zlatina alibuni ujanja: mashine ikiwaka na prosesa moja, makufuli yote yaondolewe, maana hakuna wa kugombana naye. Prosesa ya pili ikija, yarudishwe. Alipongezwa, akaongezwa mshahara, akamnunulia mama yake jiko jipya.

Sasa anapitia orodha ya makufuli ya kurudishwa, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Kufuli la hesabu ya simu halimo.

"Mjinga gani aliandika hii?" anauliza mkuu wake, Stoimen, akichungulia begani kwake.

"Mimi."

Stoimen anatazama ratiba. Kesho adhuhuri kituo kitaongeza tena prosesa, kwa sababu theluji imeanza na simu ni nyingi.

"Basi ongeza huo mstari mmoja, dada, yaishe."

"Nimesahau mmoja. Nani kakwambia sijasahau wa pili? Makufuli yabaki yote, siku zote."

"Na hiyo asilimia kumi na nne? Mteja si atalalamika!"

"Alalamike. Anayelalamika yuko hai."

Stoimen anajikuna kichwa, anazunguka chumba mara mbili, kisha anaidhinisha.

Kufikia saa tisa alasiri, majaribio mia moja yametoa milioni mbili kamili. Zlatina hafurahi. Ana hofu, wala haifichi: kosa la namna hii, anasema, linaweza kujificha mara mia na kuzuka mara ya mia na moja.

Ndiyo maana amepiga simu kituoni kuomba kiti kwa kesho, karibu na wapokea simu. Msimamizi, mwanamke wa makamo, alimuuliza atakuja na mitambo gani.

"Penseli na karatasi, mama," alimjibu. "Kila simu ikilia nachora mstari, mpaka jioni, kisha nalinganisha na hesabu ya mashine. Nataka nione wote wamefika."