Baba Mdogo wa Kikosi cha Doria

Enzi zetu pale Heru Juu, ndege ikipita hakuna aliyebaki jikoni. Tuliacha mihogo nusu imemenywa, tukakimbilia shamba la maharage tukipiga kelele, "Baba mdogo! Baba mdogo!" Mdogo wake baba, Zakaria, alikuwa mwanajeshi wa kikosi cha ndege za doria. Walizunguka juu ya mpaka wa Burundi, wakitazama na kuwaelekeza kwa redio askari wa chini. Kikosi kilianza na ndege mbili kuukuu zilizowahi kubeba mizigo. Walitumia darubini, na ramani magotini. Baridi ya huko juu, alisema, ilishinda ya kwetu Kasulu mwezi wa saba.

Bibi alicheka. "Mtu mzima, kazi yake kuchungulia!"

Wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi, ndege ilizunguka kutwa. Baadaye tukawapokea nyumbani msichana wa rika langu, Speransia, na mama yake. Baba mdogo alipokuja likizo, tukala pamoja ugali wa muhogo na dagaa. Speransia aliposikia kazi yake, akarudisha tonge sahanini.

"Tuliiona ndege yenu msituni," alisema. "Tukazima moto. Tulidhani mmekuja kutuua."

"Tuliona moshi, mwanangu, kisha ukapotea. Nikawaambia askari waende pale ulipokuwa, wawasaidie watu."

"Walitupata mimi na mama. Kaka alishakimbia. Aliikimbia ndege."

Baba mdogo hakula tena. Kesho yake akamuuliza Speransia kaka yake alikuwa na umri gani, alivaa nini, alielekea upande gani.

Tangu hapo, kila alipopangiwa anga ile, alimtafuta kaka huyo kwa darubini. Na kila likizo hakuanza kwa kumsalimu Bibi. Alimtafuta Speransia kwanza, hata akiwa kisimani. "Bado, mwanangu," alimwambia. Speransia alijibu, "Ahsante, baba." Zilipoletwa ndege mpya zenye mitambo ya kutazamia, kikosi kikaunganishwa na kingine, jina lake likafutwa. Baba mdogo akarudi kulima. Kaka hakupatikana. Siku tulipomzika baba mdogo, Speransia alilia kutushinda sisi wa damu.

Vijana wa leo wanarusha vidude angani harusini ili wapige picha keki. Wajukuu huniuliza kikosi kile kilishinda vita gani. Sijui. Najua tu kwamba mtu alitoka kambini na buti zake za vumbi, akateremka hadi kisimani kumwambia mtoto wa watu kwamba bado hajapata habari za kaka yake. Siku hizi namba ya Speransia ninayo kwenye simu, na Kibondo anakouza maharage ni safari ya asubuhi moja. Mwezi wa ngapi huu, sijaenda kumwona.