Mizani Yangu na Dawa ya Kitambi

Nichekeni, ila taratibu. Mwezi mzima nimekunywa majani ya kupunguza kitambi, nikageuka mpangaji wa choo. Kila Jumamosi muuzaji alinipima kwenye mizani yake ndogo, na juzi akanipongeza: kutoka kilo tisini hadi themanini na mbili!

Mimi nauza maharage kwa kilo hapa sokoni Sumbawanga, na mdomo wangu hauna breki. Jana, mbele ya foleni ya wateja, nikapanda mizani yangu niwaonyeshe. Ikasoma tisini na mbili.

"Mizani hii inazidisha!" nikaropoka.

Mama Neema, niliyekuwa nimemaliza kumpimia, akatua kiroba chake chini polepole.

"Baba Kalisto, hebu rudia. Wenzangu wa nyuma hawajasikia."